Mpishi Asiyekula

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naitikia mapema ili posta isije ikaila shikamoo yako njiani. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama huko kiwandani mnapewa nafasi ya kula, au mnatafuna huku mmeshika bisibisi. Mama yako mwambie nimepata salamu zake na kwamba kaka yake bado yupo.

Umeuliza kwa nini simu yangu haipatikani. Ilitumbukia kwenye maharage, ile sufuria kubwa ya shule, nilipoinama kuonja. Tuliiopoa kwa upawa. Maharage tukayamwaga, wanafunzi wakala wali mtupu huku wakinitazama vibaya. Na sitaki simu nyingine. Kwenye simu watu huulizana "upo?" na "unasemaje?" mpaka salio linakwisha. Kwenye barua mtu anakaa chini.

Sasa habari yenyewe, kabla hujaisikia kwa watu. Kiu ilinizidi, nikaenda hospitali, daktari akapima damu akasema nina kisukari. Kanipa vidonge. Kisha akaandika karatasi niende chumba cha lishe nikaonane na mtaalamu. Mimi, niliyewapikia walimu wa shule hii tangu wakiwa wanafunzi wa shule hii hii, eti nikafundishwe kula. Nilimchungulia huyo mtaalamu mlangoni: binti mwembamba, rika lako. Nikageuza.

Tena nipunguze nini? Mimi sili. Muulize mkaza mjomba wako. Asubuhi chai, usiku sahani moja, kutwa nzima nimesimama jikoni. Mpishi akishapika, harufu humshibisha.

Usihangaike. Nimempata mtu wangu sokoni, tunamwita Bingwa wa Makopo. Ana koti jeupe na kipaza sauti, na unga wake unaondoa kisukari, presha na mikosi. Mikosi sikuomba, lakini imo humo humo.

Mjomba wako, jikoni

21 Februari

Shikamoo Mjomba. Hii ihesabu ya pili, maana ya kwanza umeiitikia kabla hujaletewa.

Mimi mzima. Mama hajambo, kicheko kilimtoa machozi kwa habari ya simu, kisha kwa habari ya kisukari akainuka akaenda kukaa nje. Kiwandani tunapewa nafasi ya kula, mwambie mkaza mjomba, ila mashine za kushona ninazozitengeneza nazo zina tabia ya kuharibika wakati huo huo.

Mjomba, kinyozi hajinyoi. Kujua kupika si kujua mwili wako unafanya nini na ulichokipika. Nimemwendea muuguzi wa kiwanda chetu nikamuuliza mtu anamchaguaje mtaalamu wa lishe asije akaangukia kwa mwenye kipaza sauti. Amenieleza vizuri, nami nakupa kama alivyonipa. Muulize alisomea wapi na kama amesajiliwa. Aliyesoma hachukii swali hilo. Mtazame kama anauliza kwanza au anaamuru kwanza. Akuombe majibu ya vipimo vyako, na dawa unazotumia azijue. Anayekwambia uache dawa za daktari, chukua kofia yako utoke. Na yule anayekupima kwa mkono wa kulia na kukuuzia kopo kwa mkono wa kushoto, huyo ni mfanyabiashara.

Huku kwetu aliwahi kuja fundi mmoja. Kabla hajafungua mashine alishajua kipuri gani kimekufa, na kipuri hicho alikuwa nacho mfukoni. Tulimtoa getini kwa adabu.

Bingwa wako muulize cheti. Nasubiri jibu.

Mpwa wako anayekuonea wivu kwa kuopoa simu kwa upawa

17 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imenyesha, ua wa jiko umejaa tope. Tumeletewa sufuria mpya, pana, ina masikio mazuri, ila kitako chake chembamba, inaunguza wali usipoikalia macho. Ile ya zamani nimekataa isitupwe. Vyombo vya siku hizi vinang'aa tu, havina moyo. Mkata mboga wetu naye amepata mjukuu, kwa hiyo vitunguu vinakatwa kwa nyimbo.

Bingwa nimemuuliza cheti. Amesema elimu yake ni kubwa haiwezi kukaa kwenye karatasi. Jibu la mtu mwenye akili. Unga ni mchungu sana, kwa hiyo unafanya kazi.

Maswali yako mengine ni mengi na jiko linaniita.

Mjomba

26 Machi

Shikamoo Mjomba,

Tunamshukuru Mungu, wazima. Hongera kwa mkata mboga.

Nimesoma habari za sufuria mpya, zimejaa karibu ukurasa mzima. Habari zako wewe sikuziona. Barua yako ilianza kwenye mstari, ikashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Herufi zimekuwa kubwa. Anuani kwenye bahasha kuna mtu wa posta aliyeiandika upya juu ya mkono wako. Na neno "vidonge" halimo popote.

Nauliza mawili tu. Unaona vizuri? Unameza dawa? Mficha maradhi kifo humuumbua, nami siandiki methali hii kwa kupenda. Nijibu kabla ya kazi, si baada ya kazi, maana kazi yako haina baada.

Mpwa wako

8 Mei

Mpwa wangu,

Hamjambo huko. Usishangae mwandiko. Mkono wangu umechoka, mimi nasema, mkaza mjomba wako anaandika. Nilipata homa kidogo nikapumzika. Sasa niko nyumbani, nakula vizuri, vidonge nameza, karibu nitarudi jikoni. Mama yako asisumbuliwe. Basi.

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako. Huko juu nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nilimwahidi. Sikumwahidi kwamba nitaishia hapo.

Haikuwa homa. Bingwa alimwambia unga na vidonge havikai tumbo moja, naye akavificha vidonge kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Alianguka jikoni, kando ya sufuria ya uji. Angeangukia upande wa pili, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Akalazwa. Macho yamejaa ukungu, mimi ananijua kwa sauti. Daktari anasema ukungu huo ni wa sukari kupanda, unaweza kuondoka ikishuka na ikakaa chini, na unaweza kukaa moja kwa moja ikiendelea hivi.

Mkuu wa shule alikuja kumwona. Akasema kwa heshima kabisa kwamba mtu asiyeona hawezi kusimama kati ya sufuria zinazochemka. Macho yakirudi kabla ya muhula ujao, jiko ni lake. Yasiporudi, atapewa kazi ya getini. Mjomba wako aligeukia ukutani. Mwanangu, huyu bwana nje ya jiko simjui atakuwa nani.

Karatasi ya lishe ameandikiwa tena. Ameilalia chini ya mto. Mwandikie. Wewe anakusikiliza, ingawa hatakubali.

15 Mei

Mkaza mjomba, msomee hii polepole, na usiruke mahali.

Shikamoo Mjomba. Nimekasirika na ninaogopa, na sijui kipi kilitangulia. Nilikaa na barua yenu karibu na mashine mpaka msimamizi akaniuliza nimefiwa na nani. Mama nimemwambia, maana ni dada yako na ana haki. Hakulia. Alisema, "Mwambie aache kiburi, mimi sina kaka mwingine." Nami nimefikisha.

Sikuombi umwamini yule binti wa lishe. Nakuomba umpime. Nakumbuka siku alipoletwa kwako mpishi mpya na barua ndefu ya sifa. Hukuisoma. Ulimpa kisu na kitunguu, ukavuta kiti, ukamtazama kimya. Kitunguu hakijaisha ulishajua ni mpishi au si mpishi. Basi kavute kiti mbele ya huyo binti. Mweleze mambo yako yote, bila kuficha, uone anayafanya nini. Ukirudi ukaniambia hajui kazi, sitagusa tena neno la lishe mpaka nizeeke.

Ila macho hayo ni yako na jiko hilo ni lako, Mjomba. Usimwachie Bingwa.

Mpwa wako

2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na nimekwenda. Ulinishika pabaya kwa kile kitunguu.

(Haya yote ni maneno yake, mwanangu, mimi naandika tu na leo sina cha kuongeza.)

Chumba chake kiko mwisho wa varanda ya hospitali, pembeni ya duka la dawa, mahali ambapo watu hupita wakidhani ni stoo. Nikaingia nimeshikwa kiwiko. Kuna meza, mizani, na sahani za plastiki zimepangwa kama za kuchezea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa vita. Yeye akainuka, akabeba kiti chake, akazunguka meza akaketi upande wangu, kwenye mwanga wa dirisha, nikapata walau umbo la uso wake. Hakuna aliyemwomba. Hapo nikaona ameanza kukata kitunguu.

Nikamuuliza, "Binti, umesomea wapi?" Akanitajia chuo, akamwonyesha mkaza mjomba wako cheti ukutani na namba ya usajili, akasema, "Mkitaka kuulizia mkaulizie, Baba, sitachukia. Ningependa wote wangekuwa wanauliza." Nikamuuliza anauza nini. Akasema, "Hapa hakuna cha kuuza. Hata maji ya kunywa yapo hapo, jisevie."

Kopo la Bingwa nilikuwa nalo mfukoni. Nilitaka alitukane ili nimtetee mtu wangu. Akamwomba mkaza mjomba wako asome kilichomo. Kilichoandikwa ni sifa tu, cha ndani hakijatajwa. Akasema, "Mimi sijui ni nini, na wewe hujui ni nini. Tukiweke pembeni. Vidonge tunavijua, na usiviache mpaka daktari mwenyewe aseme." Basi. Vita vikaisha sijarusha hata jiwe.

Kisha akauliza ninakula nini. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi sili. Wengine wangecheka. Yeye akasema, "Nakuamini. Hebu nieleze siku yako, tangu unapofungua mlango wa jiko." Nikaeleza. Uji, chai, maharage, wali, chai tena. Akanisikiliza kama mtu anayehadithiwa safari. Mara akauliza, "Baba, na huo mkono unafanya nini?" Kumbe kila nilipotaja sufuria, mkono wangu ulikuwa unapanda mdomoni. Nikasema naonja. Akasema, "Nionyeshe."

Nikasimama mle hospitalini, nikateka upawa wa hewa, nikamimina kiganjani, nikalamba. Akasema, "Na uji?" Nikaonyesha. "Na chai?" Nikaonyesha. Akauliza ni mara ngapi kwa siku. Nikamwambia, binti, nani anahesabu kuonja? Kuonja si kula.

Hakubisha. Amenipa kazi. Mkuu wa shule ameniruhusu nikae kwenye kiti mlangoni mwa jiko niwe naonja, sufuria zishikwe na wengine. Binti anataka kila nikionja, kiasi kile kile kitekwe tena kiwekwe kwenye bakuli kando yangu. Nimletee bakuli. Nimekubali ili aone mwenyewe kwamba ni matone.

Mjomba wako

20 Juni

Mpwa wangu,

Sijangoja jibu lako, nisamehe.

Bakuli lilijaa. Lilijaa mchana, kengele ya jioni haijalia. Nikamshuku mkata mboga, nikasema kwa vile sioni ananichezea, anajaza kwa siri. Akanuna, na ana haki ya kununa. Kesho yake nikalipakata mwenyewe, mkono mmoja juu yake kama mtu anayelinda kifaranga. Likajaa magotini mwangu, zito, la moto. Uji wa sukari, chai ya maziwa, wali, maharage, vimechanganyika. Haba na haba hujaza kibaba, methali hiyo nimewasomea wanafunzi wanaochezea chakula, na kibaba kilikuwa tumboni mwangu.

Nikalipeleka hospitali limefunikwa kitambaa. Nilijua atasema "unaona sasa". Hakusema. Alifunua, akatazama, akaniuliza, "Wewe mpishi unakionaje?" Nikamwambia, hiki ni chakula cha mtu na mgeni wake. Kisha uoga ukanipanda. Nikasema, "Ukiniamuru niache kuonja, niandikie na barua ya getini kabisa, maana ndiko utakuwa umenipeleka."

Mpwa wangu, nilidhani atafikiri kwanza. Alijibu pale pale: "Mpishi asiyeonja atawalisha nini watoto wa watu? Sina ugomvi na ulimi wako, Baba. Nataka ulimi usifanye kazi ya tumbo."

Tukapanga, na nasema tukapanga kwa sababu kila jambo aliniuliza kama linawezekana jikoni. Kiganja kimestaafu, natumia kijiko kidogo cha chai. Uji na chai, sukari yake anaonja mkata mboga, ambaye amenisamehe kwa cheo hicho. Nikishaonja nasukutua maji. Na kabla ya kuanza mapishi ya mchana sharti nikae kitini, mezani, na sahani yangu: nusu mboga, maharage, wali kidogo. Nikamwambia sijawahi kukaa. Akasema, "Mtu mwenye njaa haonji, anakula. Tumshibishe kwanza, ndipo aonje."

Nimekaa jikoni maisha yangu yote na neno hilo sikuwa nalijua.

Mjomba

3 Julai

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo, anasema amepumua. Barua zako mbili nimewasomea wenzangu wakati wa chakula, na mmoja wao ambaye ananyonya peremende kutwa ameirudisha mfukoni aliyokuwa anaifungua.

Huyo bibie ni fundi. Nampa mkono kutoka mbali. Fundi wa kweli hakuulizi mashine ina nini halafu akaondoka na maneno yako. Husema, iwashe niione inavyokwenda. Wewe alikuwasha ukaenda mbele yake, ukilamba hewa. Natamani ningekuwepo, nimshike mkono na nikucheke kidogo.

Nimefurahi mpaka naona aibu kuandika. Ila hujataja macho, Mjomba, nami siku hizi nakusoma kwa usichokitaja. Andika hata kama ni mabaya.

Mpwa wako

14 Agosti

Mpwa wangu,

Tazama mistari. Tazama na anuani. Ni mkono wangu, na mkaza mjomba wako ameketi pale anafuma, hana kazi.

Sikutaja macho kwa sababu yalikuwa yanakuja na kuondoka, nikaogopa kuyasema yakakimbia. Sasa yamekaa. Sukari imeshuka na imetulia, daktari ameridhika, vidonge naendelea navyo na vimehamishwa mbele ya vikombe. Mkuu wa shule alikuja jikoni na gazeti, akanipa nisome. Nikamsomea habari, nikamsomea michezo, nikaanza matangazo ya viwanja akaniambia yatosha. Nimesimama kwenye sufuria zangu tangu muhula uanze.

Yule bibie namwita Mwalimu. Yeye ananiita Baba, na kwa umri ni sawa, ila nikiingia chumba kile nasalimia mimi kwanza. Sijawahi kuona mtu anayejua mengi hivyo akasema machache hivyo. Kuna wiki niliteleza, nikarudia kiganja, sukari ikapanda. Nikaenda nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza. Aliuliza nini kilitokea siku hiyo, nikakumbuka kwamba wageni wa shule walikuja na sikuketi kula. Akasema, "Basi kosa si ulimi, ni kiti." Nilitoka pale natembea kama kijana.

Lakini kuna jambo limenitokea, na sijamwambia mtu ila Mwalimu na mkata mboga. Ile sahani ya kabla ya mapishi nilikuwa naletewa kutoka nyumbani; sasa nimeanza kuketi mchana na wanafunzi, meza ya mwisho, sahani nzima ya chakula changu mwenyewe, kile nilichopika mimi. Sikuwahi. Nilikuwa nakijua kwa kijiko na kiganja. Tonge la kwanza, zuri. La pili, zuri. Sahani haijafika nusu nikawa natafuta maji. Nikainua macho, na namshukuru Mungu kwamba yanaona: kila mtoto ana kikombe cha maji kando ya sahani. Kila meza. Miaka yote nilidhani ni adabu.

Mchuzi wangu una chumvi, mpwa wangu. Una chumvi sana. Mwalimu anasema ulimi unaoonja kutwa huchoka, ukichoka huomba zaidi. Nikamuuliza mkata mboga kama alijua, akaanza kuimba. Nimeipunguza kidogo kidogo, na watoto hawajalalamika, wameanza kusahau vikombe.

Wewe umekula mapishi ya mkono wangu tangu ulipoletwa kwangu kusoma mpaka ulipoondoka kwenda kiwandani. Hukunyamazia kitu kingine chochote katika maisha yangu. Hili kwa nini hukuniambia? Nataka jibu la kweli.

Mjomba wako

22 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Tumesoma mistari yako na Mama, kila mmoja kwa zamu, na safari hii alilia. Mkaza mjomba mwambie afume kitu kikubwa.

Jibu la kweli ni kwamba sikujua. Nilikuja kwako mdogo, nikadhani ndivyo chakula kilivyo. Nilipofika huku ndipo nilipoona chakula cha watu wote kimepooza. Kwenye kantini wamenizoea, sahani yangu hufuatwa na chumvi kabla sijaigusa. Nimewasema vibaya wapishi wa huku miaka yote hii. Kumbe nilikuwa nalitafuta jiko lako katika kila sahani, na kila nilipolikosa niliongeza chumvi.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa muuguzi, akanipima, presha imepanda kidogo. Usiogope, ni kidogo. Jumanne naonana na mtaalamu wa lishe wa hapa. Amesajiliwa na hauzi kitu, nimeuliza.

Naye atataka kujua ni nani aliyenizoesha chumvi nyingi hivi. Nitamwambia ni mtu aliyekuwa ananipakulia mimi kwanza, kila siku, kabla ya wanawe, kisha anasimama kando kututazama tukila.

Mpwa wako